Ukuta wa Chumba cha Koko

Vijana wangu wa kikosi, saa ya ukutani mliyonipa siku ya kuagana nimeshaitundika, asanteni sana. Ilinichukua siku mbili. Siku ya kwanza nilishusha timazi, nikakuta ukuta wa sebule yangu hapa Molenbeek umeinama upana wa kidole gumba, na nimeishi nao miaka kumi na tisa nikiuegemea. Mke wangu, Mama Hawa, akasema ndiyo maana ya kinyozi hajinyoi. Siku ya pili nikaitundika hivyo hivyo, na mpaka leo inakwenda.

Mliniomba na jambo la pili: niwaandikie mambo ya kazi ambayo hayamo kwenye fomu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kifaransa changu cha kuandika ni cha ripoti tu, na ripoti zangu, kama mtakavyoona, si zote za kujivunia. Ninyi wa Bujumbura na wa Bukavu mtawasomea wenzenu. Ya vyeo siandiki, vilikuwa vifupi. Ya mishahara mnayajua.

Nilikuja Ubelgiji kutoka Buyenzi, Bujumbura, enzi ambazo mtu hakuwa anakuja kwa kupenda. Kwetu nilikuwa mwashi, mtoto wa mwashi. Hapa nilibeba mifuko ya saruji miaka kadhaa, halafu nikaingia kikosi chetu cha marekebisho. Kazi yetu mnaijua: kampuni inajenga nyumba mpya, inakata utepe, inapiga picha, inagawa funguo. Sisi ni wale tunaokuja baada ya picha.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vilivyong'arishwa na sanduku la vifaa ambalo lingetosha kujengea msikiti. Aliyepewa kunifundisha alikuwa Driss, fundi plasta, Mmoroko aliyeishi Molenbeek tangu ujana wake, mwembamba, mwenye chupa ya chai ya mnanaa isiyopoa mpaka adhuhuri. Aliliangalia sanduku langu, akaniambia nilirudishe kwenye gari. Halafu akanifungulia kiganja: penseli, gololi ya kioo, na vipande viwili vya karatasi ya chooni. Nilidhani ananitania, mgeni wa kazi.

Gololi aliiweka katikati ya sakafu ya jikoni. Nyumba ilikuwa na miezi minne tangu ikabidhiwe. Gololi ikakaa kidogo kana kwamba inafikiri, halafu ikaondoka yenyewe, ikapita mlango, ikavuka sebule na kwenda kugonga ukuta wa mbali. Mama mwenye nyumba akasema sasa ameelewa kwa nini mjukuu wake anapenda sana kile kikona. Karatasi ya chooni ilikuwa ya kupimia tundu la kuvutia hewa: unaibandika, ikishika, feni inavuta, ikianguka, feni imekufa. Na penseli ilikuwa ya madoa. Ukikuta doa la unyevu unalizungushia mstari kama pete, unaandika tarehe pembeni na neno moja la sababu. Ukirudi baada ya miezi, unaangalia kama doa limeivuka pete. Driss alisema mkaaji anaweza kukudanganya, kampuni inaweza kukudanganya, lakini doa haliwezi kurudi nyuma ya penseli. Niliyaamini maneno yale kama aya, na hapo ndipo palipokuja kuniumiza.

Alikuwa na sheria nyingine: usile wala usinywe kwa mtu kabla hujamaliza kupima, maana ukishakunywa chai yake mkono wako hauandiki tena sawasawa. Kwa watu wetu sheria hii ni ngumu kuliko kufunga Ramadhani. Nimekataa chapati zinazotoka motoni. Nimekataa pilau ya sikukuu. Kuna bibi mmoja alinifuata mpaka kwenye gari na sahani, akauliza kama nimeugua.

Nyumba nilizoziona, Mungu wangu. Nimeona mlango wa kuingilia ukifungukia moja kwa moja kwenye jiko la moto. Nimeona ngazi ambayo kabati halipiti, kwa hiyo familia ya watu saba inalaza nguo zote chini. Nimeona choo kinachotazamana na meza ya kulia. Nyumba thelathini mfululizo, na kila familia, iwe ya Kongo, ya Moroko au ya Poland, imetundika pazia palepale bila kuambizana. Mchoraji hakuwahi kukaribisha mgeni, nadhani. Lakini sikuwa na hasira siku zile. Tulikuwa tunacheka kwenye gari, Driss anaimba, mvua inapiga kioo. Leo nikipita barabara zile kwa basi naisikia sauti yake, na nakiri kwamba nalikosa lile gari lililonuka plasta kuliko ninavyokosa vitu vingi vya maana.

Sasa niwaambie habari za Bondeni. Kwenye karatasi za kampuni mtaa ule una jina zuri la maua. Jina la Bondeni ulipewa na akina mama waliokuwa wanapanda kilima asubuhi kwenda kungojea basi, na sisi tukalichukua. Uko upande wa Jette, kule mwisho mwisho, kwenye kipande cha ardhi kilichozama kati ya reli na barabara. Siku moja nilimkuta juu ya kilima mzee Mflamandi, mwenyeji wa pale, amesimama na baiskeli yake anaziangalia nyumba. Akaniambia palikuwa na bustani za mboga, na hata kabichi walikuwa hawapandi kule chini kabisa, maana maji yalikuwa yanakaa mpaka mwezi wa tano. Nikamuuliza kama aliwaambia wajenzi. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Basi kule chini kabisa, mahali pa kabichi zisizopandwa, ndipo walipoweka safu ya mwisho ya nyumba. Na kwa sababu barabara ilikuwa upande mwingine, waliigeuza ramani kama chapati: kilichokuwa kulia kikawa kushoto. Sebule yenye dirisha kubwa ikaangalia ukuta wa reli, upande usio na jua mwaka mzima. Upande wa jua ukapata stoo na choo. Hayo niliyaona siku ya kwanza. Kitu kingine kilichogeuka pamoja na ramani sikukiona, na sikukiona kwa miaka miwili.

Driss alikuwa ameshastaafu. Mkuu wetu wa wakati ule, bwana mpole aliyependa faili kuliko nyumba, aliniita akaniambia safu ile ya chini ina Wakongo na Warundi wengi, na wanalalamika unyevu. Kampuni ilikuwa na kijitabu kinachoeleza kwamba unyevu unaletwa na mkaaji: anapika muda mrefu, anaanika nguo ndani, hafungui madirisha. Mimi niende nikawaeleze kwa lugha yao. Nilijisikia mtu wa maana. Niliwaza, hawa ni watu wangu, nani atawajua kama mimi?

Nyumba ya mwisho ya safu ilikuwa ya Maman Sifa. Mzaliwa wa Bukavu, mkimbizi wa zamani, anahudumia wagonjwa hospitalini, mama mwenye kauli fupi na mgongo ulionyooka. Aliishi na mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Koko, yaani bibi. Koko alikuwa na chumba chake ghorofani, upande wa nyuma, kinachopakana na bafu. Malalamiko yalikuwa kwamba Koko anakohoa tangu wahamie, na chumba kinanuka udongo.

Nilipiga simu, tukapanga siku, nikaenda. Nyumba ilikuwa inang'aa. Sakafu ilikuwa bado na majimaji ya kudekiwa, na harufu ya javeli, ile dawa kali ya kusugulia madoa, ilinipokea mlangoni. Chumbani kwa Koko kitenge cha rangi ya chungwa kilikuwa kimetundikwa ukutani. Nikakiinua. Nyuma yake palikuwa na doa la kijivu la ukubwa wa sahani, basi. Nikalizungushia penseli. Nikaenda bafuni nikabandika karatasi kwenye tundu la hewa, ikashika vizuri. Nikashuka jikoni, na hapo nikacheka moyoni: sufuria ya maharage ilikuwa inachemka, madirisha yote yamefungwa, na Maman Sifa akaniambia iko motoni tangu asubuhi.

Vijana, mimi nayajua maharage. Mama yangu Buyenzi alikuwa anayabandika baada ya alfajiri na tunayala adhuhuri. Nilijua mvuke wake, nilijua ukaidi wa wanawake wetu juu ya baridi ya dirisha. Mkaguzi Mbelgiji labda angeuliza swali moja zaidi, kwa sababu hajui. Mimi sikuuliza, kwa sababu najua. Nilipanda tena, nikaandika tarehe kando ya pete, na chini yake neno moja: KUPIKA. Koko alikuwa amesimama mlangoni akanikaribisha sahani. Nikakataa kwa adabu, nikaenda zangu.

Nilirudi mara mbili tena, majira ya kupukutika majani na mwisho wa baridi. Kila mara kwa miadi, kila mara javeli, kila mara doa lilelile dogo. Kwa sababu kuta zile zilikuwa zimefutwafutwa, pete ya zamani ilikuwa imefifia, nikaipitishia tena na kuchora nyingine kando yake, tarehe, KUPIKA. Mara ya tatu niliongeza na MADIRISHA. Kwenye ripoti nikaandika kwa mwandiko mzuri: doa dogo, halikui, hewa inavutwa, sababu ni tabia za mkaaji. Koko akanikaribisha maharage mara tatu, nikayakataa mara tatu.

Halafu ikaja siku ya mvua. Nilikuwa na miadi na jirani yao, nikagonga, hakuna mtu. Nimesimama nje nalowa, Maman Sifa akaniona kutoka dirishani, akanifungulia. Alikuwa ametoka zamu, bado na viatu vyeupe vya kazini. Nilipokuwa napangusa miguu nikawaza, nikiwa nipo, niangalie lile doa. Nikapanda. Koko alikuwa kwenye kizingiti cha chumba chake, mikono ameitanua kama anazuia mbuzi.

"Leo hapana, papa," akasema. "Leo sijaosha."

Nikamwambia sijaja kukagua usafi. Akasema hapana. Maman Sifa akapanda nyuma yangu, akamwambia kwa sauti ya kuchoka, "Koko, umuache aone." Mzee wa watu akasogea, akainamisha uso.

Ukuta ulikuwa mweusi. Kitenge hakikuwepo, kilikuwa kimeanikwa. Kuvu ilikuwa imeanzia chini, nyuma ya kitanda, ikapanda mpaka usawa wa kifua changu, na pete zangu zote tatu zilikuwa ndani yake zimemezwa. Godoro upande wa ukutani lilikuwa limelowa. Nikauliza hali hii imeanza lini. Maman Sifa akasema tangu mwanzo. Kila nilipopiga simu kuomba siku, Koko alikuwa anaamka mapema siku moja kabla, anapiga magoti, anasugua ukuta kwa javeli mpaka anakohoa, ili mgeni asikute aibu. Lile doa dogo nililokuwa nalipima ndilo lililoshinda nguvu za mikono yake.

Nikamuuliza Koko kwa nini. Akanishangaa kama nimeuliza kwa nini watu wanavaa nguo.

"Mugeni anakuta nyumba safi," akasema. "Ni vile balitulelea."

Na mimi nililelewa vivyo hivyo! Mama yangu alikuwa akisikia hodi anatandika mkeka mpya juu ya wa zamani. Niliyajua maharage, nikasahau mkeka.

Maman Sifa akashuka, akarudi na barua ya kampuni. Iliandikwa kwamba kwa kuwa ukaguzi mara tatu umethibitisha mkaaji anaiharibu nyumba kwa tabia zake, na ameonywa bila kujirekebisha, mkataba utavunjwa, na hakimu ataombwa aamuru wahame. Nyuma zilikuwa zimeambatanishwa ripoti tatu. Aliweka kidole kwenye sahihi.

"Hii jina ni yako, papa Rama?"

Nikasema ndiyo, ni yangu.

"Bon. Weye uko muntu ya kwetu. Njo maana niliamini kama ulisema ni maharagi, basi ni maharagi. Niliacha kupika. Mwezi mbili Koko alikula mukate. Na ukuta ukaendelea tu."

Sikupata pa kuweka macho. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala kabla wala baada, na mimi nimewahi kuanguka kutoka ngazini mbele ya waziri. Yule mama alikuwa amehangaika miaka kutafuta nyumba ya kupanga yenye chumba cha mama yake. Mnajua jinsi ilivyo hapa mtu mwenye jina kama lake akipiga simu kuulizia nyumba. Wakimtoa pale, na karatasi inayosema anaharibu nyumba, angepewa na nani nyingine? Koko angekwenda kukohoa wapi?

Jioni ile nilimpigia Driss. Nikamweleza yote, penseli, karatasi, javeli. Akaniuliza swali moja tu: hewa ikishavutwa inakwenda wapi? Nikasema juu ya paa. Akauliza kama nimeiona ikitoka. Nikakiri kwamba sijaiona.

Mama Hawa alikuwa anafukiza sebule, kama kawaida yake siku ya mvua. Nikakiangalia kile chetezo chake, moshi unavyojiendea pembeni mwa pazia, nikamwomba aniazime pamoja na udi. Akauliza kazini siku hizi mnatoa majini? Nikamwambia karibu sawa.

Kesho yake niliwasha udi bafuni kwa Maman Sifa, chini ya tundu la hewa, nikafunga mlango. Moshi ukavutwa wote, safi kabisa. Nikatoka nje nikavuka barabara, nikatazama paa. Kofia ya bomba ilikuwepo juu, inang'aa, na moshi haukutoka hata kidogo. Nikangoja. Ndipo nikamsikia Koko anaita kutoka chumbani kwake, kwa sauti ya mtu aliyetukaniwa dini:

"Nani anachoma ubani mu chumba yangu? Inanuka kama kanisani!"

Nilipanda ngazi mbili mbili na umri wangu huu. Udi ulikuwa unatoka nyuma ya kitanda, kwenye ufa kati ya sakafu na ubao wa jasi. Nikaomba ruhusa, nikakata ubao. Ndani niliona mwisho wa bomba la hewa, limekatwa katikati ya ukuta, linapumua kwenye matofali. Walipoigeuza ramani kama chapati, bafu lilikwenda upande wa pili, lakini tundu la paa lilibaki palepale lilipochorwa mwanzo. Bomba halikufika. Fundi aliyelifunga alifanya nini? Alilisukumia ukutani, akafunika, akaenda kula. Mvuke wote wa kuoga wa nyumba ile kwa miaka miwili, juu ya ardhi ambayo kabichi zenyewe zilikuwa zimeikataa, ulikuwa unamwagwa mgongoni mwa bibi kizee aliyelala. Mimi nilikuwa nimepima mdomo wa bomba mara tatu. Mkia wake sikuutafuta.

Nikaandika ripoti ya nne. Mkuu wangu aliisoma, akavua miwani. Alisema, kwa upole wake uleule, kwamba hakuna haja ya kutaja ripoti zilizopita. Tuseme jambo jipya limegundulika. Kampuni itatengeneza bomba kimyakimya, na habari za mkataba ziendelee kwa njia yake, maana tabia ni tabia. Siku ya hakimu nina haki ya kuchukua likizo, nimelimbikiza nyingi. Niliona kwamba ananipenda na anataka kuniokoa. Nilimshukuru, nikamwambia likizo nitaichukua nikienda Bujumbura.

Kwa hakimu kulikuwa na chumba kidogo, viti vigumu, na dirisha ambalo lilikuwa halifungi vizuri. Nililiona tu, mazoea. Koko alikuja amevaa kama anakwenda misani. Hakimu, mwanamke wa makamo, alizipanga ripoti zangu nne mbele yake akaniuliza kama zote nimeandika mimi. Nikasema ndiyo.

"Tatu zinasema kosa ni la mpangaji, moja inasema ni la nyumba. Nikuamini wapi?"

"Kwenye ya nne, mheshimiwa. Zile tatu nilikosea."

"Mara tatu?"

"Mara tatu, na kwa mwandiko mzuri."

Karani akacheka, hakimu hakucheka. Akataka nieleze tangu mwanzo, nikaeleza, pamoja na javeli na mkeka wa mama yangu. Lile la mkeka mwanasheria wa kampuni alisema halihusiki. Hakimu akamwambia amwache mzee amalize. Mkataba haukuvunjwa. Kuta za safu nzima zilifunguliwa, na ninyi wawili mliokuwa wapya mnakumbuka, mlibomoa pamoja nami, na mlikuta mabomba yamelala ukutani nyumba hadi nyumba. Maji ya chini ni habari nyingine. Waliweka mitaro, lakini bonde halipandi kuwa kilima kwa mtaro.

Mimi nilihamishiwa vitasa. Miaka yangu ya mwisho nilibadilisha vitasa vya milango, na sina la kulaumu: kitasa kinafunga au hakifungi, hakina utamaduni. Ila wakati mwingine mlikuwa mnaniita kwenye unyevu, na mlikuwa mkiyacheka maneno yangu mlangoni kwa watu: "Mama, usinisafishie nyumba, mimi si mgeni." Mlidhani ni utani wa kizee. Sasa mnajua ulikotoka. Piga simu, lakini sema waziwazi: acheni uchafu wote ninaoujia. Na kama umekuta nyumba inanuka javeli, usipime siku hiyo. Kaa, kula, uombe kurudi. Katika hilo tu nilimwasi Driss, na alipokaribia kufa niliungama kwake, akasema labda hata yeye alidanganywa na mafundi wa usafi kama Koko maisha yake yote.

Mwezi uliopita Maman Sifa alinialika kusherehekea kustaafu kwangu. Nilivaa suti. Tulipanda nikamsalimie Koko chumbani, maana magoti yake hayampi ruhusa tena ya kushuka ovyo. Na pale ukutani, juu ya kitanda, nikaona kile kitenge cha rangi ya chungwa.

Nikawaza, maji yamerudi, na wameanza tena kunificha. Nilinyoosha mkono, Koko akanishika kifundo.

"Leo uko mugeni," akasema. "Ukae."

Nikamwambia Koko, mimi nimekwisha kuwa mgeni mara tatu katika chumba hiki, inatosha. Nikainua kitenge. Ukuta ulikuwa mkavu. Niliugusa kwa kiganja, nikaugusa kwa shavu kama alivyonifundisha Driss. Mkavu kama mkate wa juzi. Lakini upande wa kulia, kwenye kile kipande cha ukuta wa zamani ambacho hatukukibomoa, zilikuwepo pete zangu tatu, zimefifia, na tarehe zake, na maneno kwa herufi kubwa: KUPIKA. KUPIKA. KUPIKA, MADIRISHA.

Nikamgeukia Maman Sifa. Akasema mafundi walitaka kupaka rangi, yeye akawakatalia, ili siku kampuni ikirudi na barua nyingine ukuta uwe shahidi wake. Nikamuuliza, sasa kitenge cha nini? Akamwonyesha mama yake kwa mdomo.

Koko alikuwa anakitengeneza kitambaa chake cha kichwani, haniangalii.

"Watu banakuya hapa kunisalimia," akasema. "Banakujua. Makosa ya muntu hatuonyeshake bageni."

Nilikaa kitandani pale pembeni yake, machozi yakanitoka, siwafichi. Miaka yote ile nilidhani anasugua ukuta kuficha aibu yake. Ya kwake ilipokwisha akaanza kuficha yangu.

Nilikishusha kitenge, nikakikunja, nikampa mkononi. Nikamwomba kipande kile akiache wazi, kuna vijana wangu wa kazi nataka wakione. Akakubali kwa sharti moja. Kwa hiyo mkienda Bondeni, nyumba ya mwisho kule chini, mpigieni simu kwanza, siku moja kabla. Anataka aoshe.

Tuliposhuka, maharage yalikuwa tayari. Nilikula sahani tatu.